Mwaga hiyo bafa ya mara 10 kabla haijakumalizia seli

Mkuu, hiyo chupa usiirudishe kwenye friji, mwaga. Umesema umetengeneza bafa ya Krebs (maji ya chumvi ya kuwekea seli yanayotunza pH) ya mara 10, yaani iliyokolezwa mara kumi, yenye kila kitu ndani, kalsiamu, fosfeti na bikaboneti pamoja. Unataka kuichuja, kisha siku ya jaribio uizimue na kuzimwagia seli za INS-1 (seli za maabara zinazotoa insulini), upime insulini kwenye glukosi ya chini, 2.8 mM (milimoli kwa lita), na ya juu, 16.7 mM. Hapo ndipo tulipozikwa wengi.

Piga hesabu kwanza. Bafa ya kawaida ina kalsiamu kloridi (CaCl2) 2.5 mM, fosfeti 1.2 mM na bikaboneti kama 24 mM. Ukizidisha mara 10 unapata 25, 12 na 240 kwenye chupa moja. Bikaboneti ikikaa inapoteza kaboni dioksidi, pH inapanda, na kalsiamu inanasana na kaboneti na fosfeti na kuwa unga mweupe. Tikisa chupa ukiwa umeielekeza kwenye taa. Ukiona kitu kama moshi kinajizungusha chini, kalsiamu yako ndiyo ile. Halafu wewe unaipitisha kwenye chujio la 0.22 µm, yanatoka maji meupe pee, na roho inatulia! Chujio limebaki na kalsiamu, wewe umebaki na maji ya chumvi.

Sasa angalia kinachotokea kwenye seli. Glukosi inaingia, kimeng'enya cha glukokinasi kinaidaka, ATP (nishati ya seli) inapanda, chaneli za potasiamu zinazozibwa na ATP zinaziba, umeme wa utando wa seli unapanda kutoka takriban −70 mV, milango ya kalsiamu ya aina ya L inafunguka. Mpaka hapo seli imefanya kazi yake yote. Lakini ndani ya seli kalsiamu huru ni kama 100 nM (0.0001 mM) tu, na nje inatakiwa iwepo zaidi ya mara 10,000 ya hapo ili ikipata upenyo imiminike na kuvifanya vifuko vya insulini viungane na utando na kumwaga. Nje kukiwa hakuna kitu, mlango uko wazi na hakuna anayeingia. Grodsky na Bennett walishaonyesha mwaka 1966 kwamba kongosho lisilopata kalsiamu halitoi insulini hata ulipatie glukosi kiasi gani. Kwa hiyo 16.7 itakupa jibu lile lile la 2.8, utazilaumu seli, utazitupa, utaanza kulea nyingine, na bafa ni ile ile.

Lawama ninazipeleka kwa ule mwongozo wa kurasa mbili unaozunguka maabara hadi maabara, fotokopi ya fotokopi: "changanya chumvi zote, chuja, hifadhi." Aliyeuandika sijui alikuwa anapima insulini au anatengeneza chokaa ya kupaka ukuta.

Kalsiamu iingie MWISHO. Chupa ya mara 10 iwe na NaCl, KCl, KH2PO4 na MgSO4 basi. Siku yenyewe zimua, weka HEPES (kemikali ya kushikilia pH) na bikaboneti iliyopimwa siku hiyo, pitisha gesi ya oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5%, weka pH 7.4 ikiwa na joto la 37°C. Ndipo, huku ukikoroga, udondoshe CaCl2 ya 1 M, mililita 2.5 kwa lita moja. Albumini (protini) baada ya hapo, maana ukiitanguliza kabla ya gesi utapata povu la kufulia. Na soma kopo la CaCl2: yenye molekuli mbili za maji ni gramu 147 kwa moli, kavu ni 111. Ukichanganya hizo mbili unapunguza kwa robo au unazidisha kwa karibu theluthi.

Kila sahani iwe na visima vitatu vya KCl 30 mM kwenye glukosi 2.8. KCl inafungua milango bila kungoja glukosi. KCl ikijibu na glukosi isijibu, tatizo liko kwenye hatua za kabla ya milango, ndani ya seli zenyewe. Zote mbili zikinyamaza, shuku kalsiamu: ongeza CaCl2 mpya kwenye kisima kimoja uone.

Kwa kundi lako la "bila kalsiamu", usitie EGTA (kemikali inayonasa kalsiamu) 1 mM kwenye bafa yenye kalsiamu 2.5. Inabaki 1.5, na seli zitakucheka. Acha CaCl2 kabisa, ndipo uweke EGTA. Ila EGTA inabandua seli kwenye sahani, kwa hiyo zungusha sampuli kwenye sentrifuji kabla ya kuchota maji ya juu. Usipofanya hivyo utapima insulini iliyomo ndani ya seli zilizobanduka, na grafu itaonyesha kwamba kukosa kalsiamu kunaongeza utoaji. Kuna watu walishaanza kuandaa hotuba ya tuzo.

Ile chupa ukishaimwaga isuuze kwa asidi ya hidrokloriki nyepesi. Ukiona vipovu vidogo vinapanda kutoka chini, hiyo ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye kaboneti ya kalsiamu, ile kalsiamu uliyokuwa unazinyima seli.