Plaid, Taycan Turbo S au BYD Seal: ipi itatoka Dodoma hadi Dar bila kuchaji njiani?

Mkuu, umeuliza kati ya magari ya umeme Tesla Model S Plaid, Porsche Taycan Turbo S na BYD Seal ya mota mbili ipi ina mwendo zaidi, na ipi itakufikisha Dar kwa chaji moja. Kwanza ziweke kando kilomita ulizobandika, 637 za Plaid na 520 za Seal, maana kila moja imetoka kwenye kipimo chake. Ile 637 ya Plaid ni ya EPA, kipimo cha Marekani, tena kwa rimu za inchi 19. Kwa rimu za inchi 21 gari hilohilo lilipewa 560. Ile 520 ya Seal ni ya WLTP ya Ulaya. Ukikutana na namba ya CLTC ya China iache kabisa, kwa sababu wastani wa mwendo wa kipimo hicho ni km 29 kwa saa. Hiyo ni foleni ya mjini, siyo barabara ya Morogoro. Hata ndani ya EPA watengenezaji hukokotoa kwa njia tofauti. Taycan 4S ya 2020 ilipewa km 327, lakini Edmunds, tovuti ya magari ya Marekani, walipoiendesha wenyewe ilifika km 520.

Cha kuaminika ni hesabu ya uniti. Uniti moja ya LUKU ni kWh 1, na betri ihesabu hivyohivyo. Chukua uniti zinazotumika kweli, siyo za jumla zinazoandikwa kwenye tangazo: Plaid ni karibu 95, Seal 82.5, Taycan Turbo S ya zamani 83.7 (ingawa tangazo linasema 93.4), na ile iliyoboreshwa, ya modeli ya 2025, ni 97. Toa asilimia 10 ya akiba, kisha gawanya kwa matumizi ya km 100. Kwa mwendo wa 100 kwenye lami, AC ikiwa imewashwa, pangia uniti 18 kwa Plaid na Seal, 20 kwa Taycan ya zamani, na 19 kwa mpya. Plaid inakupa km 475, Taycan mpya 459, Seal 412, Taycan ya zamani 377. Dodoma hadi Dar ni kama km 450. Kwa hiyo Plaid inafika, Taycan mpya inafika kwa kubana, na hizo mbili nyingine zitakula akiba yote au zitalala njiani.

Lakini barabara yetu ina mambo mawili ambayo hesabu hiyo haiyaoni.

La kwanza ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba huku kwetu unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, yaani ukielekea Gairo unakupiga usoni. Gari likienda 100 dhidi ya upepo wa 25, hewa inalipiga kwa 125, na ukinzani unapanda kwa asilimia 56. Hapo matumizi yanaongezeka uniti 3 hadi 4 kwa kila km 100, na Plaid yenyewe inabaki na chini ya km 420. Dawa ni kushuka hadi 85 au 90 pale upepo unapokuwa mkali, kwa sababu ukinzani wa hewa unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Nafuu tuliyonayo ni mwinuko: Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar.

La pili ni mlima. Gari la tani 2.3 kupanda hizo mita 1,100 wakati wa kurudi kunakula kama uniti 7 hadi 8 za ziada, sawa na km 40. Wakati wa kushuka kwenda Dar karibu zote zinarudi, maana mteremko mwingi ni wa polepole na gari linajiendea kwa uzito wake. Msimu wa upepo, kurudi unapanda lakini unasukumwa, kwa hiyo tofauti ya kwenda na kurudi si kubwa kama watu wanavyohofia.

Ukipata gari la kujaribu, lipime hivi. Jaza upepo wa tairi asubuhi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Futa kihesabu cha safari. Nenda Kibaigwa na urudi kwa njia ileile, ili upepo na milima vijisawazishe, na AC iwe kwenye nyuzi 23. Soma wastani wa matumizi, usisome kilomita zilizobaki, kwa sababu hizo zinabadilika kufuata ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Seal ina betri ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfati), ambayo volti zake hazishuki sana hadi karibu na mwisho, hivyo asilimia kwenye skrini inaweza kudanganya. Ijaze hadi 100 kabla ya kupima.

Kwenye mwendo, ile sekunde 1.99 inayotangazwa kwa Plaid ni ya kufika maili 60, yaani km 96.6, na futi ya kwanza haihesabiwi. Taycan Turbo S ya zamani ni 2.8 hadi km 100, mpya ni 2.4, Seal 3.8. Plaid yenye nguvu farasi 1,020 inashinda kwenye mstari, hilo halina ubishi. Ila ili itoe zote inahitaji kwanza kuandaa joto la betri kwa dakika kadhaa, na gari lolote la umeme hupunguza nguvu chaji ikishuka sana. Porsche ina volti 800 na gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo maana inarudia mbio moja baada ya nyingine bila kulegea. Wewe unachohitaji ni kutoka 80 hadi 120 ukiovateki lori, na hapo hata Seal inakutosha.

Kwangu Plaid inaanguka kwa jambo jingine: Model S Plaid haikuwahi kutengenezwa na usukani wa kulia. Kuchungulia nyuma ya semi ukiwa umekaa kushoto, kwenye njia moja kwenda na moja kurudi, ni hatari ambayo sekunde 1.99 haiitatui. Ningechukua Taycan ya 2025 yenye rimu ndogo, au Seal ya mota moja, ambayo WLTP inaipa km 570 kwa betri ileile.

Nyumbani, mwambie fundi umeme avute waya wa peke yake wenye swichi ya ampia 32. Hiyo ni kW 7.4, na kujaza Taycan mpya kutoka 10 hadi 100 itachukua kama saa 13. Asilimia 10 hivi inapotea wakati wa kuchaji, kwa hiyo LUKU itasoma karibu uniti 97. Kama uko D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo wa nyumbani, uniti 75 za mwezi zitaisha kwa chaji moja, hivyo piga bajeti kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, takriban shilingi 356 kwa uniti. Na kabla ya kulipia, piga picha tundu la chaji: la China ni GB/T, la Ulaya ni CCS2, na adapta ya AC (umeme wa kawaida wa nyumbani) haifanyi kazi kwenye chaja ya DC, ile ya haraka.