Kabla ya Kukokotoa Umri wa Kuishi, Uliza Vizuri

Miaka niliyofanya kazi ya udadisi wa kaya katika mikoa kadhaa ya Tanzania imenipa msimamo mmoja: ubora wa takwimu za afya ya jamii huamuliwa barazani, kati ya mdadisi na mhojiwa, muda mrefu kabla ya mtaalamu kufungua kompyuta yake. Ushauri huu nauelekeza kwa vijana wanaokabidhiwa dodoso kwa mara ya kwanza.

Nianze na wastani wa umri wa kuishi, ambao wengi hudhani ndio umri ambao watu hufariki. Chukua watoto 100: ikiwa 10 watafariki mara baada ya kuzaliwa na 90 waliobaki wakafika miaka 70, wastani utakuwa miaka 63, ingawa hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na umri huo. Sasa tuseme mdadisi hakuwaandika watano kati ya vichanga hao; wastani utapanda hadi miaka 66 na ushei, na hakuna aliyeongezewa hata siku moja ya kuishi. Kwa hiyo usiishie kumuuliza mama ana watoto wangapi. Uliza wanaoishi naye, wanaoishi kwingine, kisha, kwa upole na bila haraka, waliozaliwa hai wakafariki, hata kama waliishi saa chache tu. Ikiwezekana, aulizwe na mwanamke mwenzake, mbali na masikio ya wakwe.

Umri wa wazee nao una mtego wake, kwani asiyejua mwaka aliozaliwa hutaja 60, 65 au 70, na jedwali zima hujaa sifuri na tano. Dawa yake ni kalenda ya matukio: je, alikuwa ameanza shule Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961? Alikuwa ameshaoa Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967? Ongeza mafuriko na njaa za eneo hilo, ambazo mwenyekiti wa kitongoji huzijua kuliko kitabu chochote.

Kupima ubora wa maisha ni kugumu zaidi. Dodoso la EQ-5D, linalotumika katika nchi nyingi, huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, kisha mhojiwa huipa afya yake ya siku hiyo alama kati ya 0 na 100. Hapo ndipo adabu zetu huingilia kazi. Mzee ukimwamkia na kumuuliza hali, atamshukuru Mungu, hata kama alfajiri hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa. Hiyo ni salamu, usiijazie dodoso. Soma kila swali kama lilivyoandikwa, subiri, na usikubali kijana wake amjibie maadamu mzee mwenyewe anaweza kusema: kijana anaona mguu unaoburutwa, lakini huzuni haoni.

Vipimo hivi viwili huunganishwa kwa njia iliyoelezwa na mtafiti Sullivan mwaka 1971: miaka ambayo watu huishi katika kila rika huzidishwa kwa sehemu ya watu wa rika hilo wasio na ulemavu au maradhi yanayowazuia, na hivyo kupatikana umri wa kuishi kwa afya njema. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, umri wa kuishi duniani ulipanda kutoka miaka 66.8 mwaka 2000 hadi 73.1 mwaka 2019, wakati ule wa kuishi kwa afya njema ulitoka 58.1 hadi 63.5. Pengo limekua kutoka miaka 8.7 hadi 9.6, jambo ambalo kipimo cha kwanza peke yake kisingelionyesha.

Mnapoandika ripoti, tenganisheni wanawake na wanaume katika vipimo vyote viwili. Wanawake huishi muda mrefu zaidi, lakini sehemu kubwa zaidi ya miaka yao huipitisha katika afya dhaifu, na wastani wa pamoja hulifuta hilo kabisa.