Maswali yenu kuhusu Jenerali Benedek, yule aliyebebeshwa lawama za Königgrätz

Wadau, tangu nigusie vita vya 1866 kati ya Austria na Prussia, dola ya Kijerumani ya kaskazini, ambavyo pambano lake kubwa lilikuwa Königgrätz na Austria ikashindwa, maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanamhusu mtu mmoja, Jenerali Ludwig von Benedek, kwa hiyo leo najibu ya huyo tu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: alikuwa askari mzuri sana kwenye kazi aliyoizoea, akapewa kazi aliyosema mwenyewe kwamba haiwezi, na mambo yalipoharibika wakubwa wakamtwisha zigo lote.

Alikuwa Mwaustria kweli? Mbona wengine wanasema ni Mhungaria?

Wote wako sawa. Alizaliwa Julai 1804 Sopron, mji ambao Wajerumani wanauita Ödenburg, magharibi mwa Hungaria, na wakati huo Hungaria yote ilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria. Baba yake alikuwa daktari, familia ya Kiprotestanti ndani ya dola ya Kikatoliki, hawana nasaba kubwa. Hilo lishikeni maana litarudi huko mbele, kwenye jeshi lile vyeo vya juu vilijaa watoto wa mabwana wakubwa. Yeye alipita chuo cha kijeshi cha Wiener Neustadt, akahitimu 1822, akaanza kupanda ngazi taratibu.

Umaarufu aliupatia wapi?

Italia, chini ya mzee Radetzky, kamanda wa jeshi la Austria kule, ambaye mwaka 1849 alikuwa na miaka 82 na bado anaongoza jeshi vitani. Tarehe 21 Machi mwaka huo Benedek, kanali wakati huo, aliingiza watu wake ndani ya mji wa Mortara giza limeshaingia, mitaa imejaa askari wa Piedmont, ufalme wa kaskazini magharibi mwa Italia, wamechanganyikiwa, akakamata mateka kama 2,000. Kwa kazi ile akapewa nishani ya Maria Theresa, na ile haikuwa nishani ya kugawiwa hovyo.

Halafu Solferino, 24 Juni 1859. Siku ile Austria ilipigwa na Wafaransa na Wapiedmont, lakini upande wa San Martino Benedek na kikosi chake cha nane waliwazuia Wapiedmont karibu siku nzima, na jeshi lilipoanza kurudi nyuma yeye ndo alikuwa kinga. Yaani kati ya majenerali wote wa Austria aliyetoka pale na heshima ni yeye, na kuanzia hapo wananchi na magazeti wakampenda mno, shujaa ambaye si mtoto wa bwana mkubwa.

Solferino si ndo chanzo cha Msalaba Mwekundu?

Ndiyo, ni vita hiyohiyo. Henry Dunant, Mswisi, aliwakuta majeruhi maelfu hawana wa kuwatibu, na kutokana na aliyoyaona chama kikaanzishwa Geneva 1863.

Nimesoma kwamba mwaka 1846 alishiriki mauaji Galicia, lile jimbo la Wapolandi chini ya Austria. Kweli?

Hili silifichi, hata kama namtetea mahali pengine. Februari 1846 Wapolandi wa Kraków waliasi, na Benedek akatumwa kuwazima. Pale Gdów alipigana nao akiwa na askari wachache pamoja na wakulima wenye mapanga ya kuvunia na mauma, wakulima ambao walikuwa na chuki kubwa na mabwana wa mashamba, na waasi walioshindwa waliuawa vibaya na wakulima wale. Serikali ya Vienna ilimpongeza. Wapolandi hawakusahau na mimi siwalaumu.

Kama alikuwa mtaalamu wa Italia, kwa nini 1866 walimpeleka Bohemia, Cheki ya leo?

Hapa ndo roho inaniuma. Austria ilikuwa inapigana pande mbili, Prussia kaskazini na Italia kusini. Benedek alikaa miaka kwenye kamandi ya Italia, makao yake Verona, na alisema wazi kwamba kule anajua kila mti mpaka Milano, ila Bohemia hajui kitu. Alikataa. Lakini Kaisari Franz Joseph alimtaka, wananchi walimtaka, na Italia ikapewa Albrecht, mtu wa ukoo wa kifalme. Wengi wanaamini, nami nakubaliana nao, kwamba nyumba ya kifalme haikutaka mtu wao ashindwe na Prussia, upande wa Italia ushindi ulikuwa rahisi zaidi. Mwishowe Benedek akakubali kama askari anayetii amri.

Albrecht kweli akashinda, Custoza, 24 Juni 1866. Ila kabla hata ya vita kuanza Vienna ilikuwa imeshakubaliana kwa siri na Napoleon III, kaisari wa Ufaransa, kwamba jimbo la Venetia, lile la Italia lililokuwa bado mikononi mwa Austria, litatolewa hata Austria ikishinda! Watu wamekufa Custoza kwa ajili ya jimbo ambalo limeshagawiwa, ukilifikiria sana unakosa usingizi.

Ni kweli aliomba amani kabla ya vita kubwa?

Kweli kabisa. Ndani ya siku chache alikuwa ameshapigwa Nachod, Skalitz na Gitschin, na hata Trautenau ambako Austria ilishinda ilipoteza watu kama 4,700 dhidi ya 1,300 wa Prussia. Tarehe 1 Julai akampigia Kaisari telegramu, akimsihi afanye amani kwa gharama yoyote maana maangamizi ya jeshi hayaepukiki. Jibu likaja kwamba amani haiwezekani, kama ni lazima arudi nyuma, na mwishoni pakawa na swali: je, vita imeshapiganwa? Sasa jiweke kwenye nafasi yake, bosi wako anakuuliza hivyo, utaelewa nini zaidi ya kwamba unatakiwa upigane kwanza?

Walishindwa kwa sababu ya bunduki tu?

Bunduki ilichangia sana lakini si peke yake. Mprussia alikuwa na bunduki ya Dreyse, anapakia risasi kwa nyuma hata akiwa amelala chini, Mwaustria ana bunduki ya Lorenz ya kushindilia kwa mbele kama gobore, lazima asimame, halafu juu ya hapo walifundishwa kukimbilia adui na singe kwa makundi, wakawa wanafyekwa. Mizinga ya Austria ilikuwa bora kuliko ya Prussia, na asubuhi ya 3 Julai, siku ya pambano la Königgrätz lenyewe, iliwatesa kwelikweli.

Kilichowaua ni msitu wa Svíb. Vikosi vya pili na vya nne vilitakiwa vilinde ubavu wa kulia, makamanda wake wakaingia msituni kufukuzana na divisheni moja ya Prussia, brigedi baada ya brigedi, ubavu ukabaki wazi. Mchana jeshi la mwanamfalme wa Prussia likatokea kaskazini na kukichukua kijiji cha Chlum, katikati ya nafasi yote ya Austria. Na hapa Benedek ana makosa yake: amri ya vita aliitoa usiku wa manane, akiba kubwa aliikalia mpaka muda ukapita. Jioni Austria imepoteza kama 44,000, nusu yao mateka, Prussia kama 9,000.

Baada ya hapo alifungwa?

Hapana, na pengine mahakama ingekuwa na nafuu kwake. Uchunguzi ulianza, Kaisari akausimamisha. Novemba 1866 Albrecht akamfanya aahidi kwa maandishi kwamba hatajitetea hadharani. Akaahidi. Tarehe 8 Desemba gazeti la serikali, Wiener Zeitung, likatoa makala ya kumponda mbele ya nchi nzima, na yeye mdomo ameshafunga! Aliishi Graz akatunza ahadi mpaka alipofariki 27 Aprili 1881, na aliagiza asizikwe na sare ya jeshi. Wa ukoo wa kifalme asingefanyiwa hivi, na ndo maana nilisema mshike ile habari ya baba yake.

Ukienda leo kuna cha kuona?

Kipo, na kingi. Uwanja uko karibu na Hradec Králové (ndo Königgrätz kwa Kijerumani), Jamhuri ya Cheki, anzia Chlum kwenye makumbusho, halafu tembea mpaka mnara wa Bateri ya Wafu, wapiga mizinga wa Kapteni von der Groeben waliobaki wakifyatua karibu kabisa na adui ili wenzao wapate kuondoka. Msitu wa Svíb nao umejaa minara, vaa viatu vya kutembea. Waliouliza kuhusu Moltke, mkuu wa mipango ya vita wa Prussia, maswali yenu ninayo, nitayajibu safari nyingine.