Boti ikikosekana, mgeni ni wetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtumishi wa kanisa atangulize nini, familia yake au waumini? Mimi ni mke wa mchungaji na tunaishi kisiwani. Swali lenu linamfaa mtu anayetoka kazini akarudi nyumbani. Kwetu kazi ndiyo inayopiga hodi, mara nyingine kabla hatujanawa uso.

Bara mchungaji akichoka anaweza kwenda mtaa wa mbali akashinda huko bila kuamkiwa na mtu. Kisiwani utaenda wapi? Ukitoka kupunga upepo ufukweni, hukosi kusikia, "Afadhali nimekuona mchungaji, nilikuwa nakuja kwako." Nahodha wa boti, mwenye duka, mwalimu wa wanangu, kama si muumini wetu basi ni shemeji wa muumini wetu. Na si kwamba wanatusumbua kwa makusudi. Wanatupenda, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana anayekupenda huwezi kumfukuza.

Halafu kuna habari ya usafiri. Mgeni wa kanisa anakuja kuhubiri Jumapili, mpango ni aondoke Jumatatu. Upepo ukichafua maji, boti haziondoki, na mgeni anabaki kwetu mpaka kutulie. Watoto wanaachia kitanda, wanatandikiwa sebuleni, na sebule hiyohiyo ina watu waliokuja kwa maombi. Wakati mwingine ni kinyume: baba wa nyumba ndiye amekwama ng'ambo baada ya kikao, na huku umetokea msiba. Hapo wanaoitwa ni "mama mchungaji", yaani mimi, pamoja na wazee wa kanisa. Hakuna aliyeniwekea mikono mimi kuwa mchungaji, wala simo kwenye orodha ya mishahara, lakini wafiwa hawaulizi hayo, nami siwezi kuwaambia wasubiri boti.

Watu wakitaka kutukosoa hukimbilia 1 Timotheo 3, pale panaposema asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa. Ni kweli imeandikwa. Ila ukisoma mistari michache kabla ya hapo, utakuta askofu anatakiwa pia awe mkaribishaji. Orodha iliyo katika Waraka kwa Tito nayo ina mambo yote mawili, watoto watiifu na ukarimu, na Tito mwenyewe alikuwa ameachwa Krete, kisiwani kama sisi. Kwa hiyo aliyetunga masharti hakuona kuwa moja linafuta lingine. Sisi tunaokaa ndani ndio tunaojua yanavyogombania meza moja, kwa sababu mlango ukiwa wazi mchana kutwa, anayelipia ukarimu huo ni mtoto.

Nitatoa mfano mmoja. Binti yetu alikuwa anafanya hesabu zake ukumbini, daftari mapajani, huku sebuleni mume na mke wanatupiana maneno mbele ya baba yake. Ukuta wetu ni mwembamba. Usiku akaniuliza, "Mama, kesho nikikaa na mtoto wao darasani, nijifanye sijui?" Tulikuwa tumemfundisha siku zote kwamba ya sebuleni hayatoki, naye aliitii kanuni hiyo. Lakini mtoto wa shule ya msingi kubeba siri za ndoa ya watu, kisha acheze na mtoto wao kama kawaida, huo ni mzigo wa mchungaji, si wake. Nikamwambia mume wangu, mashauri ya ndoa yahamie ofisi ya kanisa. Yalihama. Wengine walinung'unika kwamba siku hizi kwa mchungaji kuna urasimu.

Katika mambo haya namwonea fahari Susanna Wesley, mama wa John na Charles Wesley, waanzilishi wa Umethodisti. Mumewe alikuwa kasisi wa Epworth, Uingereza, katika Isle of Axholme, eneo ambalo kweli lilikuwa kama kisiwa, limezungukwa na mabwawa kabla hayajakaushwa karne ya 17. Alizaa watoto 19, tisa wakafa wachanga. Mwaka 1705 mumewe alifungwa kwa madeni, na mwaka 1709 nyumba ya kasisi ikateketea, John mwenye miaka mitano akiokolewa kupitia dirishani. Pamoja na hayo yote, karibu kila mtoto aliyekuwa nyumbani alipata jioni yake katika wiki ya kuzungumza na mama peke yake. Ya John ilikuwa Alhamisi, na alipokuwa mtu mzima alimwandikia mama yake kwamba bado anaitamani.

Mimi watoto wangu ni wachache, sina kisingizio. Jioni hizo nimeziiga, na baba yao naye ana zamu yake. Mahali pa kujificha hatuna, kwa hiyo tumechagua saa: kuanzia chakula cha jioni hadi watoto walale, mlango unafungwa na simu inakaa chumbani. Jambo hili tulilipeleka kwenye baraza la wazee kwanza, maana nyumba ni mali ya kanisa na siku ya uhamisho tutaiacha. Mzee mmoja alisema mchungaji wa zamani hakuwahi kufunga mlango. Mama mmoja wa baraza akamjibu kuwa watoto wa mchungaji huyo wote wako bara na kanisani hawakanyagi. Kikao kikakubali.

Mwenye mgonjwa au msiba anagonga saa yoyote, na tunafungua. Wa sare za kwaya anaambiwa kesho. Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, ni kwamba sijui nani atangulie wiki nzima, lakini zile saa za jioni, mlango ukiwa umefungwa, ni za watoto.