Usinunue hata kopo moja la msaada kabla hujajua risiti itaandikwa jina la nani

Usinunue. Hata kopo moja. Mambo ya fulana tutaongea tukikumbuka.

Nimesoma bandiko lako nikakwama pale kiongozi wako wa juu alipowaambia timu ichangishane, mnunue unga wa lishe wa kampuni hiyo hiyo ya biashara ya mtandao mnayoiuzia bidhaa, muupeleke kituo cha watoto yatima kwa jina la kampuni, na mzigo wote "utawahesabia pointi". Halafu unauliza fulana ziwe rangi gani, waandishi wa habari wanaalikwaje, unga huo unafaa watoto wa umri gani, na kama ofisa anayeshughulikia vibali vyenu anaweza kuwa mgeni rasmi. Chini kabisa, kama jambo dogo, unadokeza kwamba baadhi ya watu wako wameshakukabidhi michango. Nyumba inaungua, ndugu yangu, wewe unauliza rangi ya pazia.

Na mimi nilikuwa na kiongozi wa namna hiyo, na tukafanya tukio kama hilo hilo. Simtaji, na kampuni siitaji. Kama yumo humu anasoma: shikamoo bosi, makopo yako bado ninayo, yanashikilia mlango usijifunge.

Kwa wasioijua biashara ya mtandao, inakwenda hivi. Kila oda inazaa pointi, na pointi za walio chini zinahesabika kwa walio juu yao, ngazi kadhaa kwenda juu. Mwezi ukifungwa, pointi ndizo zinazoamua nani kapanda daraja, nani kabaki, na bonasi ya nani ni kiasi gani. Sasa mtu aliyepungukiwa na pointi siku chache kabla ya mwezi kufungwa ana njia mbili tu: atafute wateja, au awatafutie watu wake sababu ya kununua. Yatima ni sababu nzuri kuliko zote. Nani atasimama kwenye kikao aseme hapana, watoto wasipewe?

Ndiyo maana tarehe ya tukio letu haikupangwa na kituo. Mlezi mkuu aliomba tusogeze mbele kidogo, watoto walikuwa kwenye mitihani. Bosi akajibu kwamba baraka haziahirishwi. Baraka gani, bwana, mwezi ulikuwa unafungwa! Nenda kaangalie sasa hivi tarehe mliyopangiwa ninyi, kisha angalia kampuni yenu inafunga mahesabu lini. Nitashangaa zikiwa mbali.

Haya, kosa lililonigharimu kuliko yote silo hata lile la kuchangisha. Ni kisanduku. Kwenye fomu ya kuagiza mzigo kulikuwa na kisanduku cha kutia vema, kinasema kwamba nathibitisha nimeshauza angalau asilimia 70 ya mzigo wangu uliopita. Mzigo uliopita ulikuwa umejaa ndani kwangu, mwingine niliupanga kuugawa kituoni pamoja na huu mpya. Nikampigia bosi. Akaniambia, nakumbuka sauti yake mpaka leo, "Kutoa ni sawa na kuuza, wewe weka vema." Nikaweka. Nikaagiza mzigo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuagiza, kwa pesa yangu na ya timu.

Kisanduku kile hakikutoka hewani, na ningejua asili yake nisingekigusa. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipotoa uamuzi wake juu ya Amway, kampuni kubwa ya biashara ya mtandao, kampuni ile iliponea kuitwa upatu haramu wa piramidi, na kilichoiokoa kwa sehemu kubwa ni kanuni zake: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua mwezi ule ndipo apate bonasi, aoneshe kuwa ameuzia wateja wa rejareja wasiopungua 10, na anayeacha biashara mzigo wake uweze kurudishwa. Kampuni nyingi zikaiga kanuni hizo baada ya hapo. Shabaha ni moja: watu wasilipwe bonasi kwa kurundikiana mizigo wenyewe kwa wenyewe. Ukigawa bure hujauza. Hakuna mteja hapo. Kuna wewe uliyenunua na mtu wa juu yako aliyelipwa.

Tena usidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2016 Herbalife, nayo kampuni ya biashara ya mtandao, ilikubaliana na tume hiyo hiyo kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake Marekani ili malipo ya wasambazaji yatokane na mauzo kwa wateja halisi. Kwa hiyo suala la nani kanunua na kwa nini kanunua ndilo kiini cha biashara nzima, na "tukio la hisani" linalifunika vizuri sana, na picha juu.

Kisanduku kikanirudia. Nilipotaka kuondoka niliomba kurudisha mzigo uliobaki. Zipo kanuni za maadili za WFDSA, lile shirikisho la dunia la vyama vya uuzaji wa moja kwa moja, zikiwemo biashara hizi za mtandao, zinazozitaka kampuni kununua tena mzigo ambao haujauzwa na bado unauzika, ulionunuliwa ndani ya miezi 12, na kukata ada isiyozidi asilimia 10. Nikaenda na kanuni yangu mkononi kama wakili. Yule binti wa huduma kwa wateja, mpole kweli kweli, akafungua fomu yangu kwenye kompyuta akanigeuzia skrini. "Lakini uliandika kwamba mzigo huu umeshauzwa." Sahihi yangu. Vema yangu. Yaliyokwenda kituoni hayakuwa yangu tena, yaliyobaki ndani kwa maandishi yangu mwenyewe hayakuwepo. Nilitoka pale nacheka, maana ningelia wangeniita mgonjwa.

Bosi? Bosi alipanda daraja mwezi ule ule.

Nimwache kidogo nirudi kituoni, maana kule ndiko aibu ilikokuwa. Mlezi mkuu alishika kopo akaligeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi muuzaji sikuwahi kuyasoma: bidhaa si ya watoto, isipokuwa kwa ushauri wa daktari. Hakutuumbua. Alitushukuru, akapiga picha na sisi, akayapeleka stoo. Baadaye wakati wa kuagana akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku nyingine tunaweza kuleta sabuni na taulo za kike, kwa sababu wasichana wakubwa walikuwa wameongezeka. Ningempigia simu wiki moja kabla angeniambia hivyo hivyo. Hakuna aliyempigia. Sabuni haina pointi. (Hilo ndilo jibu la swali lako la umri: soma nyuma ya kopo, kisha muulize daktari, na usimuulize aliyekuuzia.)

Wakati huo bosi ameshika kipaza sauti: "Leo kampuni yetu imetoa..." Imetoa! Kampuni haikutoa hata bango, bango tulichapisha sisi. Kampuni iliuza makopo, ikapokea pesa, kisha ikapokea na shukrani. Picha zikawekwa kwenye kurasa zake kama mchango wake kwa jamii. Na huyu mtu ndiye aliyekuwa akitusomea kila kikao kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yeye mwenyewe siku ile alikuja na moyo tu, utajiri tulileta sisi.

Risiti sasa. Kituo kiliandika risiti ya mapokezi, kama inavyotakiwa, na mhasibu akauliza iandikwe jina gani. Bosi akamtajia jina la kampuni. Mimi nilikuwa nahangaika na watu wa picha. Karatasi ile moja ikafuta watu wangu wote. Kijana mmoja kwenye timu alikuwa amechanga pesa ya kukopa, kwa imani kwamba mimi najua ninachokifanya. Aliponiuliza mchango wake uko wapi, sikuwa na kitu cha kumwonesha. Kituo kinaijua kampuni. Kampuni inajua oda yangu. Yeye hayupo popote. Akaanza kuulizia kwenye kundi la timu, wengine wakadakia, na bosi, ambaye kwenye kundi hilo hakosi kutuma salamu za asubuhi zenye maua, siku hiyo akawa hana mtandao. Nilirudisha michango ya watu mmoja mmoja kutoka mfukoni mwangu mpaka nikauza vitu vya ndani. Baadhi yao hawanisalimii mpaka leo. Sina la kuwaambia.

Basi kanuni yangu ni hii moja, na nitairudia mpaka moderator anifungie: risiti ya kituo iandikwe jina la yule aliyetoa pesa. Kama pesa ni ya kampuni, iandikwe kampuni, na kampuni ilipe yenyewe moja kwa moja kwa kituo, kwa barua ya makao makuu, siyo kwa meseji ya kiongozi. Kama pesa ni yenu, yaandikwe majina yenu mmoja mmoja, mnunue kile kituo walichokiomba, popote kinapouzwa, na kopo la kampuni lisiwepo. Hakuna namna ya tatu. Namna ya tatu ni yangu mimi.

Ipime kanuni hiyo kwa kumwambia kiongozi wako hivi: "Bosi, tumekubaliana tutoe, ila tutapeleka pesa taslimu kwenye akaunti ya kituo wanunue wanachotaka, na risiti iwe na majina ya waliochanga." Usiongeze neno. Msaada ni ule ule, watoto ni wale wale, kilichotoka ni pointi tu. Akisema sawa, mimi nitamwomba radhi hapa hapa mbele ya watu. Akianza hotuba ya chapa, umoja wa timu, na watu wenye mawazo hasi, endelea kumsikiliza kwa adabu lakini mkono ubaki kwenye pochi.

Kuna mtu hapo juu ameandika kwamba mimi na wenzangu tuna chuki na kampuni hizi, mbona zinasaidia watu. Sijakataa. Avon ilianza kampeni yake ya saratani ya matiti Uingereza mwaka 1992, na watu wanaijua kwa hilo duniani kote. Nu Skin tangu 2002 ina mpango wa lishe ya watoto ambao msambazaji au mteja ananunua chakula kutoka kwa kampuni na kinapelekwa kama msaada. Unaweza kuupenda au usiupende, mimi mwenyewe nina maswali juu yake, lakini angalau unatangazwa hadharani kwamba ni ununuzi. Anayenunua anajua ananunua. Yetu ilikuwa ni ununuzi uliovalishwa kanzu ya sadaka.

Na kwa kuwa nimeitaja kampuni hiyo, huyo ofisa wenu wa vibali hapana. Hapana kabisa! Mwaka 2016 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, iliishitaki Nu Skin kuhusu tawi lake la China. Kwa mujibu wa SEC, tawi hilo lilikuwa linachunguzwa na mamlaka ya jimbo, likachangia yuan milioni 1, kama dola 154,000, kwenye shirika la hisani lililopendekezwa na ofisa wa chama tawala, ili ofisa huyo asaidie uchunguzi ulegezwe. Kampuni ilimaliza shauri kwa kulipa jumla ya dola 765,688, bila kukiri wala kukana. Mchango wa hisani, watoto hawajambo, hafla nzuri, na bado ukaishia kwenye sheria ya rushwa ya nje. Ninyi mnataka kumkalisha meza kuu mtu mwenye faili la vibali vyenu, mbele ya kamera, mkabidhi msaada. Kampuni ina mawakili wa kumaliza shauri. Wewe una nani?

Nimeona swali la waandishi wa habari, wengine watakujibu. Mimi nilikuwa nao, walikuja, wakala, wakaandika jina la kampuni kwa usahihi kabisa.

Michango uliyokwisha kupokea irudishe leo, yote, kwa kila aliyetoa, na kila mmoja akuandikie kwamba amepokea. Usisubiri kikao, kikao ndiko utakakolainishwa. Kisha mpigie simu mlezi wa kituo wewe mwenyewe, bila kiongozi wako pembeni, umuulize wanahitaji nini na wanahitaji lini. Na kama kuna fomu ya oda uliyoanza kuijaza, usiiwasilishe. Iache hapo hapo, kisanduku kikiwa kitupu.