Hisi Tano, Si Hisia Tano

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya michoro ya kale ambayo masonara wa Ulaya waliitumia kama vielelezo vya nakshi. Kila mchoro una mwanamke anayewakilisha kuona, kusikia, kunusa, kuonja au kugusa. Nimeuita mfululizo huo "Hisia Tano". Mwenzangu anataka "Milango Mitano ya Fahamu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amekaribia. Wewe umepotea.

Hiyo "hisia tano" imenichosha. Hisia ni furaha, hasira, wivu, huzuni, haya. Nani alizihesabu akakomea tano? Unachokitafuta ni hisi, ule uwezo wa mwili kupokea habari za dunia. Maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini ndugu wa tumbo moja hawaitwi jina moja.

Chukua mfululizo aliousanifu mchoraji Frans Floris, akauchonga Cornelis Cort kwenye mabamba ya shaba, ukachapwa mjini Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1561. Kuona ana kioo na ndege tai. Kuonja yuko na nyani. Kugusa ana kobe karibu yake, na ndege anamdonoa mkono. Hapo kwa huyo ndege ndipo ninapotaka utulie. Maumivu ya kudonolewa ni hisi. Akighadhibika akatamani kumnyonga ndege, hiyo ni hisia. Akimwonea huruma akamwachia aruke, hiyo nayo ni hisia. Akiogopa kumshika tena kesho, hisia ya tatu. Donoo moja, hisi moja, hisia tatu! Sasa nieleze unavyopata "hisia tano" kwa wanawake watano. Mchoro wenyewe umeandikwa kwa Kilatini Tactus, yaani Kugusa. Haukuandikwa Ghadhabu.

Mwenzako naye asishangilie mno. Mlango wa fahamu ni kiungo: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi. Sonara aliyehamishia picha kama hizi kwenye kikombe cha fedha hakuwa akinakshi pua. Alinakshi uwezo wa kunusa uliovishwa umbo la mtu.

Mtu akisema "hisia tano" barazani, namwacha amalize kahawa yake. Kwenye maandishi yatakayosomwa na wanafunzi, sikubali. Andika "Hisi Tano", na pale maelezo yanapotaja jicho au sikio lenyewe, mpe mwenzako milango yake.