Umevunjika mguu, ukaletewa barua ya kuachishwa kazi: majibu kwa wasomaji

Mimi ni dereva wa gari la kusambaza vinywaji, Temeke. Nilianguka na bodaboda siku yangu ya mapumziko nikavunjika mguu, nikapewa ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) ya miezi mitatu. Siku ya 70, nikiwa nyumbani, nililetewa barua ya kusitishiwa ajira, eti kazi haiwezi kusimama. Je, ni halali?

Pole sana, ndugu yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Si lazima uwe umeumia kazini. Siku ya 70 ulikuwa bado ndani ya likizo hiyo, na sheria hiyohiyo inakataza notisi ya kuachishwa kazi kutolewa wakati mfanyakazi yuko likizo, au siku za notisi kuhesabiwa pamoja na siku za likizo.

Hata likizo ingekuwa imekwisha, barua peke yake isingetosha. Ni mwajiri, wala si wewe, anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kutomudu kazi kutokana na ugonjwa au majeraha kunaweza kuwa sababu halali, lakini kwanza mwajiri anatakiwa kupata maoni ya daktari, kupima kama hali hiyo ni ya muda au ya kudumu, kuangalia kama ipo kazi nyepesi unayoweza kupewa, na kukusikiliza. Mguu ambao daktari ameandika kuwa utapona ndani ya miezi mitatu ni hali ya muda, na kwa maoni yangu hapo ndipo hoja yako ilipo na nguvu zaidi. Tunza kila karatasi ya ED na nakala yake, pamoja na ushahidi wa siku uliyoiwasilisha ofisini.

Mashine ya kiwandani ilinikata vidole viwili. Mwajiri alilipa hospitali akasema tumemalizana, na baada ya miezi miwili akaniambia nafasi yangu imejazwa. Nifanye nini?

Hamjamalizana. Una madai mawili, na moja halifuti jingine. La kwanza ni fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao huchangiwa na mwajiri bila kukata hata shilingi moja katika mshahara wako. Toa taarifa kwa maandishi na ufungue dai kabla miezi 12 haijapita tangu siku ya ajali, hata kama mwajiri amekaa kimya. La pili ni kuachishwa kazi kwenyewe, na hilo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Aliyeumia akiwa anamzalishia mwajiri anastahili kutafutiwa kazi nyingine kwa juhudi kubwa zaidi kuliko mgonjwa wa kawaida.

Mimi pia niliachishwa kazi, lakini nilikuwa na miezi minne tu kazini. Je, nina haki?

Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwenye ajira ya chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Hata hivyo, mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya notisi na cheti cha utumishi bado ni haki yako.

Shikamoo. Ofisa utumishi ananiambia nisaini barua ya kujiuzulu ili stahiki zangu zitoke haraka. Nina miaka sita kazini.

Marahaba, mwanangu. Usisaini. Niliwahi kuketi na mama mmoja, mhudumu wa hoteli, mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta, akanionyesha barua ya kujiuzulu aliyoisaini kwa mkono wa kushoto: sahihi haikufanana hata kidogo na ile ya mkataba wake, na tarehe ilikuwa imejazwa kwa wino mwingine. Iliniuma sana. Kiinua mgongo, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa mwajiri anapokuachisha, wala si unapojiuzulu kwa hiari. Kwa miaka yako sita, sahihi hiyo moja itakunyima mshahara wa siku 42, na itakuwia vigumu kudai kwamba uliachishwa.

Niliachishwa kazi siku 41 zilizopita nikiwa wodini. Nimechelewa?

Ndiyo, kwa kuwa mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30, lakini Tume inaweza kuongeza muda ukiomba kwa fomu yake na kueleza sababu za msingi. Ambatisha karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali inayoonyesha tarehe ya kulazwa na ya kutoka, kisha eleza siku zilizobaki moja baada ya nyingine, kwa sababu utaulizwa ulikuwa wapi tangu utoke wodini. Nenda kesho asubuhi, na kama huwezi kutembea, mwombe ndugu akusindikize.